Dawa Bure

Alka hakuwa mtu wa kuropoka. Kwa miaka thelathini na minne ya kupima macho ya watu katika duka lake la miwani, barabara ya Kingsbury, alijiwekea sheria moja: neno la kutisha halitamkwi chumbani mwake ikiwa ugonjwa wenyewe haumo. Alikwisha jifunza kwamba ukimwambia mtu, "Hii si kansa," hutoka mlangoni amebeba neno moja tu, na neno hilo si "si". Basi kwake kansa haikutajwa mpaka aione. Ilikuwa sheria nzuri, na ndiyo iliyomponza.

Mgonjwa mwenyewe aliletwa na maneno ya Agathe. Agathe alikuwa Mkongo wa Bukavu, kazi yake kumtunza bibi mmoja wa Kigujarati mitaa miwili kutoka dukani, na mara mbili kwa mwaka alimleta bibi huyo kupimwa. Siku moja akamsikia Alka akiikaripia mashine ya kuchapa: "Ngoja, wewe! Wacha maneno!" Agathe akaduwaa. Mhindi wa London anagomba kwa Kiswahili! Alka akamweleza, huku amejaa haya, kwamba alizaliwa Kisumu na kuletwa huku akiwa na miaka tisa. Habari hiyo Agathe aliibeba moto moto hadi kanisani kwao Woolwich, na pale kanisani palikuwa na mwanamume ambaye kwa miezi minne alikuwa akisali ameinamisha uso upande mmoja ili watu wasimwone jicho.

Jina lake Anselme. Alifika Alhamisi moja ya mwezi wa pili, amebadilisha treni mara moja na kupotea mara mbili. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amevaa koti zito la sufi juu ya suti, kofia mkononi, kama mtu anayekwenda kuposa. Usiku na mchana wake ulikuwa wa kusafisha ofisi. Kiingereza chake kilitosha ndoo, sabuni na "good morning", basi. Kwa Kifaransa alikuwa hodari, lakini Kifaransa hakikuwa na mtu wa kukipokea pale dukani.

"Hapana Kiingereza?" Alka alisema. "Mimi najua Kiswahili. Kaa!"

Anselme akakaa.

Mtu angemwona Alka dakika ile angedhani amepewa zawadi. Mumewe Deepak, Mungu amrehemu, alikuwa mzaliwa wa Leicester, Kiswahili alikijua "jambo" tu. Mwanawe Nikhil yuko Vancouver na hupiga simu Jumapili, Jumapili nyingine hapigi. Aliyebaki wa kuzungumza naye Kiswahili alikuwa mama yake. Wawili hao walikuwa wakikitumia kuwasengenya wateja mbele ya macho yao, wakicheka mpaka mbavu ziume. Mama alifariki mwaka juzi. Tangu hapo lugha ile ilikaa ndani ya Alka bila kutumika, na upweke wake mwingine wote alikuwa ameuzoea, ila huo ulimshinda.

Sasa kuna jambo la kusema juu ya Kiswahili hicho, tusifichane. Kilikuwa cha jikoni. Alikiokota utotoni, kinywani mwa mama yake akimwamuru yaya: leta, peleka, ngoja, funga mlango, wacha kelele. Yaya mwenyewe alimbembeleza mtoto kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Kwa hiyo Alka amri alizijua zote, maneno ya kumtuliza mtu hakuyajua hata moja isipokuwa "pole". Na jina la yaya yule pia hakulijua. Nyumba nzima walimwita "ayah", na kila akilikumbuka jambo hilo, uso humwaka kwa aibu.

"Weka hii hapa," alisema, akigusa kidevu cha Anselme na kukielekeza kwenye kijisahani cha mashine. "Fungua macho! Angalia juu! Wacha kutingishika!"

"Ndiyo, mama," alijibu Anselme, mgongo umenyooka kama askari kwenye gwaride.

Alka akazima taa ya chumba, akawasha ile nyembamba ya mashine, akasogeza darubini. Hapo ndipo alipokuwa Alka kweli. Mtu anayebabaika mbele ya mashine ya kuchapa, akiwa nyuma ya darubini hakuwa na mbabaiko wowote.

Kwenye jicho la kulia, upande wa pua, palikuwa na kinyama chekundu. Watu wakiona chochote jichoni husema ni mtoto wa jicho, lakini mtoto wa jicho hukaa ndani na kuitia ukungu lenzi. Hiki kilikuwa juu, kwenye ngozi laini inayofunika weupe. Kilikuwa na pembe tatu kama kona ya leso iliyokunjwa: kitako kipana puani, ncha imekwisha uvuka weupe na kupanda kwenye kioo cha jicho, milimita mbili. Alka aliipima mara mbili. Kisha akaanza kutafuta ubaya, maana kazi yake ni kuutafuta ubaya kwa bidii ili aridhike haupo. Mishipa ilikwenda moja kwa moja, haikujisokota. Uso wa kinyama ulikuwa laini, hauna punje punje, hauna utando mweupe uliokauka, hautetemi kama jeli. Doa jeusi hakuna. Alifunua kope la juu, akafunua la chini, akaangalia na jicho la kushoto. Huko kulikuwa na kivimbe kidogo cha manjano, ndugu mdogo wa kile kikubwa, nacho hakina neno. Ni kinyama cha jua na vumbi, wanacho watu wengi waliokulia karibu na ikweta. Mboni ilikuwa bado iko mbali. Alipiga picha, akaandika tarehe.

"Mama," Anselme alisema, kidevu bado kwenye kijisahani, "kaka yangu alikufa na kitu ya hivi, kule Uvira. Ilianza vile vile, kadogo."

Hapa Alka alisikia vizuri na kuelewa vibaya. Kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, ndugu yake baba. Akili yake ikamletea mzee wa miaka themanini, na wazee hufa, tena hufa na mengi.

"Pole," alisema, akarudi kwenye darubini.

Alipowasha taa alikuwa na furaha tele. Alikuwa amempima mtu kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho! Alitaka kumwambia yule bwana kwamba kukata hakuna haja, na kwamba matone ya kulainisha macho atampa bila malipo, kwa sababu ya furaha hiyo, na kwamba arudi baada ya miezi sita amwangalie tena. Alitafuta maneno katika ghala lake la jikoni. Akapata haya.

"Hii nyama tu. Kukata bure." Akavuta droo, akatoa kichupa, akamsukumia kiganjani. "Dawa, bure." Kisha akanyanyua vidole sita na kutabasamu. "Miezi sita."

Anselme aliangalia vidole vile.

"Miezi sita, mama?"

"Miezi sita. Enda nyumbani! Kaa pole pole."

Anselme akasimama, akavaa kofia, akaivua tena, akampa mkono. "Aksanti kwa kunisemea ukweli," alisema. "Bengine banaficha." Alka hakuielewa sentensi ya mwisho, lakini aliipenda sauti yake, na jioni hiyo alimtumia barua yenye tarehe ya kurudi, akapika chai ya tangawizi na kuinywa peke yake akiwa amefurahi sana.

Wiki tatu zilipita. Agathe akaja dukani bila yule bibi. Aliweka mfuko mdogo wa plastiki juu ya kaunta, asikae.

"Anselme amesema umupe mutu mwenye itamusaidia."

Ndani kulikuwa na kichupa cha matone, hakijafunguliwa muhuri.

"Hapana tumia?" Alka aliuliza. "Kwa nini?"

"Atumie kwa nini?" Agathe alikuwa amekaza uso. "Mama Alka, mi nilikuletea mutu. Nilikusifu kwa batu yote ya kanisa. Halafu unamwambia kifo kama vile unamwambia bei ya nyanya!"

Alka hakushika hata nusu. Ikabidi Agathe ayarudie pole pole, kwa Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika, akihesabu kwa vidole: kumbe alimwambia kwamba kukata ni bure, na dawa ni bure, havitamfaa kitu, na amebakiza miezi sita, aende nyumbani akakae. Na wakati anasema hayo alikuwa anacheka.

Alka alishika ukingo wa kaunta. Aliyaona maneno yake yakipangwa mbele yake moja moja, yote ni yake, hakuna hata moja aliloongezewa.

"Bure ni hapana lipa!" alisema. "Mimi napatia yeye. Zawadi!"

"Na kukata?"

"Hapana lazima kukata!"

"Na miezi sita?"

"Kurudi! Kurudi hapa, mimi naangalia tena. Six months, follow-up appointment!"

"Haukusema kurudi, mama."

Kweli hakusema. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, walisema waliokwisha jikwaa vyote viwili. Agathe aliziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Amegawa makoti yake," alisema. "Yote tatu, kanisani. Na baridi hii. Na letter yako ilifika, haijafunguliwa. Utafungua letter ya nini kama unajua inasema nini?"

Ndipo Alka alipopata habari kamili ya kaka: kwamba hakuwa mzee, alikuwa na miaka arobaini, na kitu kile kilimla jicho mpaka kikamuua. Anselme alikuja Kingsbury akiwa tayari amejihukumu, akataka mtu wa kumthibitishia au kumwachilia. Alka akamthibitishia, kwa tabasamu na vidole sita.

Agathe alitoa simu palepale, akampigia, akaweka sauti ya wazi. Akamweleza kila kitu, bure ya kwanza na bure ya pili. Upande wa pili ikaja sauti ya upole.

"Aksanti, Agathe. Uko na roho muzuri. Mungu akubariki."

Na simu ikakatwa.

"Umeona?" Agathe alisema. "Anafikiri ninamubembeleza. Kwetu mugonjwa wa kufa ndiye anaambiwaga atapona. Hataamini mutu ingine, ni kinywa yako tu. Na uende mbio, sababu Noëlla amefika."

Noëlla alikuwa binti yake wa pekee, anakaa Leeds, anafanya kazi katika ofisi ya kupangisha nyumba. Tangu walipomzika mama yake, miaka mitatu sasa, hakuwa amekanyaga Woolwich. Hawakugombana, Agathe alieleza. Walizungumza kwa simu siku za kuzaliwa tu. Anselme alimpigia na kumwambia ana miezi sita, na mtoto akapanda treni siku iliyofuata.

Alka alimwomba Agathe amfundishe sentensi moja iliyo sahihi, yenye heshima, isiyo na mlango wa nyuma. Agathe aliifikiria kama mtu anayechagua mtungi sokoni. Kwanza, alisema, huwezi kumwita mtu mzima "wewe". Utamwita Baba Noëlla. Alka akaiandika sentensi kwa herufi za Kigujarati nyuma ya karatasi ya oda ya fremu, akaisoma kwa sauti hadi Agathe akaridhika: Baba Noëlla, nilikosea kusema, ugonjwa huu hauui.

Jumapili mchana alifunga picha za jicho kwenye bahasha na kuingia treni. Nikhil alikuwa ametuma ujumbe kwamba wiki hii ana mambo mengi, atapiga ijayo. Kutoka Kingsbury hadi Bond Street alisoma sentensi yake; kutoka Bond Street hadi Woolwich aliisoma tena, midomo ikicheza, na msichana aliyekaa mkabala akadhani anasali. Hakuwa amevuka London upande huo kwa miaka kumi. Alishangaa kuona soko lile limejaa watu na vitambaa na ndizi za kupika, na yeye siku zote alikuwa akikaa juu ya duka lake akisema Jumapili za London hazina watu.

Anselme alikaa ghorofa ya nne. Alifungua mwenyewe, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Harufu ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na ya samaki ilitoka nyuma yake. Jicho lilikuwa vilevile, kinyama kimetulia mahali pake kama mpangaji asiye na haraka ya kuhama.

Alka hakungoja kukaribishwa. Aliikunjua karatasi, akasoma.

"Baba Noëlla. Nilikosea kusema. Ugonjwa huu hauui."

Anselme alimwangalia, akaiangalia karatasi yenye herufi asizozijua. Alka akatoa picha. Akamwonyesha kinyama, akamwonyesha mishipa iliyonyooka, akatikisa kichwa juu ya kila ubaya ambao haukuwamo. Sasa alilitaja neno. "Hapana kansa. Kaka yako alikuwa na kansa. Wewe hapana. Hii ni jua, na vumbi. Watu mingi iko nayo." Na alipofika kwenye miezi sita aliipiga miguu yake hatua mbili kwenda na mbili kurudi, pale kwenye zulia la mlangoni, mwanamke wa miaka sitini na mbili, ili ieleweke kwamba ni miezi ya kurudi.

Ilieleweka. Aliona ikiingia, kwanza kwenye mabega, halafu usoni. Alka akangoja furaha. Alikuwa ameivukia mji mzima furaha hiyo, na ukweli usemwe, alitaka kuwa mbele yake inapotokea.

Anselme alitoka nje kwenye korido, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabaki upenyo mdogo tu.

"Noëlla iko ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuja tangu Alhamisi. Miaka tatu, mama. Anapika. Analala ku divan. Asubuhi ananiuliza kama nimelala muzuri." Akaangalia viatu vyake. "Minakuomba, usimwambie leo."

Kwa mara ya kwanza tangu wakutane Alka alielewa kila neno. Na kabla hajamhukumu, akili yake mwenyewe ilikuwa imeshakimbia mbele: Vancouver hadi London, saa tisa na nusu angani, Nikhil angefika kesho. Ilimchoma kuona jinsi hesabu ile ilivyokuja haraka, kana kwamba ilikuwa tayari siku nyingi, inangoja ugonjwa tu.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Noëlla alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mwiko mkononi. Kiswahili alikielewa chote, lakini majibu yake yalikuwa ya Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku.

"Wewe ndiye daktari wa macho?" aliuliza kwa Kiingereza. "Niambie bila kuzunguka. Amebakiza muda gani kweli?"

Alka alimgeukia Anselme. Anselme alikuwa akiangalia ukuta. Katika kazi ya Alka siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Huwezi kumpa mtoto wake bila ruhusa, ikiwa mbaya au ikiwa njema, na hakuna kifungu kinachosema habari njema inaruhusiwa kuvuja. Kudanganya pia hakuweza. Akasema lililobaki.

"Muulize baba yako."

Lilikuwa jibu sahihi kabisa, na kwa mtu anayengoja msiba lina maana moja tu. Uso wa Noëlla ulikunjamana. Hakulia kwa sauti. Alisimama pale na mwiko wake, mabega yakimtikisika, akijaribu kuuficha uso kwa mkono ulioshika mwiko, sombe ikamchafua shavu.

Anselme akashindwa kuvumilia.

"Noëlla," alisema. "Haiko kitu. Mama huyu amekuja kusema sitakufa. Tulikosana maneno."

Binti alimwangalia Alka. Anselme akampa Alka ishara kwa kichwa, na ruhusa ikawa imetoka. Basi Alka akaeleza, sasa kwa Kiingereza, mambo yakatiririka: kwamba ni uvimbe usio na madhara, kwamba haufanani na ule wa baba yake mkubwa, kwamba utaangaliwa mara moja moja na huenda usiguswe maisha yake yote, na kwamba kosa lote ni lake, Alka, na Kiswahili chake. Noëlla alicheka, akalia, akampiga baba yake ngumi begani, akamkumbatia, akampiga tena. Walimvuta Alka ndani. Kwa robo saa nyumba ile ilikuwa na kelele za watu watatu, na Alka, aliyeketi ukingoni mwa sofa lenye blanketi lililokunjwa vizuri, alifurahi kuwa ndani yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga; na mwenyeji hapa alikuwa amepona, ndiyo iliyokuwa shida yenyewe.

Maana Noëlla alishika simu. Alisema kwa upole, na kwa haki, kwamba kazini ameomba wiki mbili za dharura. Akirudi kazini kesho asubuhi hawatazikata kwenye likizo yake. Kuna treni ya saa kumi na moja na nusu. Baba anaelewa, sivyo? Atakuja Pasaka, na kama si Pasaka basi kiangazi, kwa hakika.

"Kazi ni kazi," Anselme alisema. "Enda, mutoto wangu."

Alimwelekeza baba yake namna ya kupasha moto sombe, akamwonyesha sehemu alipoweka wali. Akamshukuru Alka mara tatu, akimshika mikono yote miwili. Begi alilibeba Anselme hadi kwenye lifti. Alka alisikia milango ya lifti ikijifunga, na baada ya muda nyayo za mtu mmoja zikirudi taratibu kwenye korido.

Mezani palikuwa na sahani tatu. Anselme aliondoa moja, akapakua kwenye mbili. Alka alitaka kuomba radhi na hakujua aanzie wapi: aombe radhi kwa kumwambia atakufa, au kwa kumwambia hatakufa. Alikuwa ameponya jicho ambalo halikuwa na ugonjwa, na huyu mtu alikuwa mpweke zaidi ya alivyomkuta.

"Chakula muzuri," alisema mwishowe.

"Noëlla alijifunza kwa mama yake." Anselme alisogeza samaki upande mmoja wa sahani, kisha akamrudisha. "Sasa ile miezi sita, mama. Inaangukia lini?"

"Mwezi ya nane."

"Haiwezekani mbele ya pale?" Hakuinua macho. "Kama mwezi ujao? Tuseme jicho inawasha. Ao inatoa machozi. Kama ingeonekana iko lazima."

Alka aliweka kijiko chini. Milimita mbili, alizipima mwenyewe. Kwa mwezi mmoja hazingesogea hata unywele. Angeweza kupata sababu, sababu hazikosekani kwenye kazi yake: ukavu, wekundu, kope. Angeiandika kwenye fomu na hakuna ambaye angeuliza. Lakini alikuwa amekwisha litumia vibaya jicho la mtu huyu mara moja.

"Macho hapana haja," alisema. "Wewe kuja tu."

Anselme alinyanyua uso, akamwangalia kwa jicho zima na lile lenye kinyama. Akauliza ni siku gani.

"Alhamisi hii," Alka alisema. "Mchana nafunga duka, mimi napika."